Uzamili wa fedha na benki ukiwa Tanga: tafuta takwimu kabla ya mada

Wanaoshindwa kumaliza uzamili wa fedha na usimamizi wa benki mara nyingi hawashindwi darasani. Mitihani wanafaulu, ada wanalipa, halafu wanakwama kwenye tasnifu. Mwaka wa kwanza unapita, wa pili unapita, simu ya msimamizi ikiita wanaitazama tu. Ukichunguza, kisa ni kilekile: mada ilichaguliwa kwanza kwa sababu inapendeza masikioni, takwimu zikaanza kutafutwa baadaye, na mwenye takwimu akasema hapana.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu anayeishi na kufanya kazi Tanga: karani wa benki hapo mjini, mhasibu wa SACCOS, mtu wa mapato halmashauri, mwalimu wa biashara Pongwe au Muheza. Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio. Jua kwanza takwimu gani unaweza kuzishika mkononi, ndipo uitafute mada ndani yake. Ukifanya hivyo kabla ya muhula wa kwanza, kozi nzima inakuwa nyepesi, kwa sababu kila somo utalisoma ukijua utalitumia wapi.

Kabla hujalipa ada

Kwenye udahili usipoteze muda mwingi. Hakikisha programu yenyewe ina ithibati, si jina la chuo peke yake. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa mwaka 1972, ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na uzamili wake unahesabiwa ngazi ya 9. Vyuo vingi vinataka shahada ya kwanza ya daraja la pili, GPA kuanzia 2.7. Aliye chini ya hapo aulizie njia ya stashahada ya uzamili. Mwenye shahada ya nje ya nchi aanze mapema kutafuta utambuzi wake TCU, asisubiri dirisha la udahili lifunguliwe.

Kuhusu mahali pa kusomea, uwe mkweli na mwili wako. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350 kwa njia ya Segera na Chalinze. Ratiba ya jioni huko haimfai mkazi wa Chumbageni, na hata ya wikiendi, kwa mtu anayepaswa kuwa dirishani benki Jumatatu asubuhi, inachosha kabla muhula wa kwanza haujaisha. Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa hapa Tanga, na kwa mfanyakazi hiyo ni njia ya kufikiriwa kwa uzito, mradi ajue kwamba kusoma kwa masafa kunadai nidhamu kuliko darasa la kawaida.

Piga hesabu ya saa. Shahada ya uzamili hapa nchini ina angalau krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza: mihadhara, kusoma peke yako, mazoezi na tasnifu kwa pamoja. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miezi 18, sawa na wiki 78, unapata saa 23 kila wiki. Kama wiki yako haina saa 23 za kutoa, tafuta programu ya miezi 24 au zaidi tangu mwanzo. Kuongeza muda baada ya kuchelewa kunakuja na ada ya ziada.

Na hesabu ya mshahara. Watumishi wa umma wengi wanategemea mkopo wa benki kulipa ada, kisha wanashangaa mkopo unapokatwa nusu. Kanuni ni kwamba makato yote yasikuache na chini ya theluthi moja ya mshahara. Chukua mshahara wa msingi wa 1,200,000. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, asilimia 5 ni 60,000, bima ya afya asilimia 3 ni 36,000, na kama bado unadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ni 180,000. Kodi ya mapato, baada ya kutoa mchango wa mfuko, inafika 170,000. Jumla ni 446,000, zinabaki 754,000. Theluthi yako ni 400,000. Kwa hiyo rejesho la mwezi haliwezi kuzidi 354,000, ukiacha michango ya chama cha wafanyakazi. Nenda benki ukiijua namba hiyo.

Hesabu mbili za kuzijua kabla ya darasa

Masomo yenyewe hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo: usimamizi wa fedha za kampuni, uendeshaji wa benki na vihatarishi vyake, masoko ya mitaji, sera ya fedha, ekonometriki (takwimu za uchumi), mbinu za utafiti. Wengi wanaogopa ekonometriki. Mimi naona tatizo liko chini zaidi, kwenye thamani ya fedha kwa wakati: shilingi ya leo si sawa na shilingi ya mwakani. Asiyeimudu hiyo ataburuzwa na masomo manne kwa mpigo.

Hesabu ya kwanza ni ya mtaani kabisa. Mama mwenye duka Barabara ya 12 anakopa 600,000 kwa miezi sita, anaambiwa riba ni asilimia 5 kwa mwezi. Mkopeshaji anazidisha: 30,000 mara 6 ni 180,000, jumla 780,000, rejesho 130,000 kila mwezi. Mkopaji anaamini analipa asilimia 5. Lakini kila mwezi anarudisha sehemu ya mtaji, na bado anatozwa riba kana kwamba 600,000 zote ziko mkononi mwake. Fungua Excel uandike =RATE(6,-130000,600000). Jibu ni asilimia 8.05 kwa mwezi. Tofauti hiyo ya 5 na 8 ndiyo somo zima la bei ya mkopo, na ukiweza kumweleza mama yule kwa nini, unaelewa. Angalia alama ya kutoa kwenye 130,000: fedha inayotoka na inayoingia lazima ziwe na alama tofauti, la sivyo Excel inakurudishia kosa.

Hesabu ya pili ni ya hatifungani, yaani cheti cha mkopo ambao wawekezaji wanaipa serikali au taasisi kwa riba, na Tanga tuna mfano wetu wenyewe. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani (ya miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji walivuka lengo, asilimia 103, na baadaye ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa ajili ya zoezi, chukulia riba inalipwa kila miezi sita na mtaji wote unarudi siku ya mwisho. Kwa kila shilingi 100 utapokea 6.75 mara 20, kisha 100 yako. Sasa soko likidai asilimia 15 kwa mwaka, bei yake ni ngapi? Punguza kila malipo kwa asilimia 7.5, nusu ya 15, kwa vipindi 20, yaani yagawe kwa 1.075 mara moja kwa kila kipindi unachoyasubiri: malipo ya riba yana thamani ya 68.81, mtaji 23.54, jumla 92.35.

Kosa linalojirudia hapa ni kuchukua malipo ya nusu mwaka, vipindi 20, halafu kupunguza kwa asilimia 15 nzima kila kipindi. Jibu linatoka 48.36 na mwanafunzi anaendelea na swali la pili bila kushtuka. Hatifungani yenye riba ya 13.5 haiwezi kuuzwa chini ya nusu ya thamani yake kwa sababu tu soko limedai pointi moja na nusu zaidi. Kabla ya kupigia mstari jibu lolote la bei, jiulize: riba ya soko iko juu au chini ya riba ya hatifungani? Ikiwa juu, bei iko chini ya 100, na kwa tofauti ndogo bei haiwezi kuwa mbali.

Ukurasa wa gazeti wenye tasnifu ndani yake

Kila robo mwaka benki zote nchini zinachapisha taarifa zao za fedha, magazetini na kwenye tovuti zao. Wengi wanapita ukurasa ule kama tangazo la zabuni. Kwa mwanafunzi wa uzamili ndio dhahabu, kwa sababu hakuna meneja wa kukunyima.

Keti nao. Kwanza ni mizania, orodha ya mali, madeni na mtaji wa benki, ikiwa na safu mbili: robo hii na robo iliyotangulia. Inafuata taarifa ya mapato na matumizi, na hii ina safu nne: robo hii, robo kama hii mwaka jana, jumla tangu Januari mwaka huu, jumla tangu Januari mwaka jana. Chini ya mizania viko viashiria: mtaji wa wanahisa kwa mali zote, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) kwa mikopo yote, mikopo kwa amana, mikopo kwa mali, mali zinazozalisha mapato, ukuaji wa amana, ukuaji wa mali. Idadi ya wafanyakazi na matawi nayo ipo. Uwiano wa mikopo kwa amana, kwa mfano, umeshakokotolewa, kazi yako ni kuuhakiki.

Balaa liko kwenye zile safu nne. Mtu anaharakisha, anachukua safu ya jumla tangu Januari badala ya robo. Akichora grafu ya faida inatoka kama meno ya msumeno: inapanda Machi hadi Desemba, inaporomoka Machi inayofuata, inapanda tena. Ukiiona picha hiyo usitafute maelezo ya kiuchumi. Rudi kwenye safu. Kosa la pili ni kusahau kwamba faida ni ya miezi mitatu. Benki yenye faida ya bilioni 6 kwa robo na wastani wa mali bilioni 800 ina faida kwa mali ya asilimia 3 kwa mwaka, kwa sababu 6 inazidishwa kwa 4 kwanza. Ukiisahau 4 unapata 0.75, na utaandika sura nzima ukilaumu ufanisi wa benki isiyo na hatia.

Tumia mizania kujikagua. Safu ya "robo iliyotangulia" kwenye ukurasa wa Juni inapaswa kulingana na safu ya "robo hii" ya Machi. Zisipolingana, benki ilirekebisha hesabu zake, nawe uandike pembeni umechukua ipi na kwa nini. Hivyo hivyo Desemba: taarifa ya robo ya nne haijakaguliwa, ya mwaka imekaguliwa, na namba zinaweza kupishana. Chagua moja, uishikilie hadi mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na takwimu vilevile: fungua karatasi ya pili ndani ya Excel ya kuandika chanzo cha kila safu, tarehe uliyoipata, na marekebisho yote.

Benki 12 kwa miaka 8 ni robo 32 kila moja, yaani mistari 384. Ukitumia dakika 10 kwa ukurasa, ni saa 64. Hiyo ni chini ya wiki tatu za zile saa 23. Ukilinganisha na miezi ya kusubiri barua ijibiwe, ni kazi ndogo.

Ila zijue nyufa zilizomo ndani ya kipindi chako, maana mtahini atakuuliza. Tarehe 1 Januari 2018 kanuni ya kihesabu ya IFRS 9 ilianza kutumika, na benki zikaanza kutenga fedha kwa hasara inayotarajiwa badala ya kusubiri mkopo uharibike. Kwa hiyo tengo la 2017 na la 2018 si kitu kimoja. Mwezi huohuo Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo, zikiwamo Covenant, Efatha na ya wananchi wa Njombe. Ukichagua benki zilizopo leo tu, umewatoa walioanguka, na matokeo yako yatasema mabenki madogo ni imara kuliko yalivyokuwa. Ziweke hadi robo yao ya mwisho, au kiri upungufu huo waziwazi. Wapo pia waliounganishwa: TPB, iliyokuwa Benki ya Posta, ilichukua Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake, kisha TIB Corporate, na leo ni TCB, Benki ya Biashara Tanzania. Kisha Januari 2024 Benki Kuu ilihamia mfumo wa kuongoza sera kwa riba, ikaanza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 Aprili. Anayechunguza riba za mikopo kuvuka tarehe hiyo bila kuweka kigezo cha kutenganisha kabla na baada, amechanganya vyakula viwili kwenye sufuria moja.

Mikopo chechefu yenyewe imeshuka nchini kutoka zaidi ya asilimia 10 hadi chini ya 5, kiwango ambacho Benki Kuu inakitaka. Kueleza kwa nini imeshuka, na je, imeshuka kwa sababu watu wanalipa au kwa sababu mikopo mibovu imefutwa vitabuni, ni swali zuri linalostahili mtu wa kulishughulikia. Tofauti hiyo inaonekana ukiangalia mikopo iliyofutwa kwenye ripoti za mwaka zilizokaguliwa.

Neno moja kwa wafanyakazi wa benki. Kuona taarifa za wateja kwenye kompyuta ya kazini hakukupi haki ya kuzitumia kwenye tasnifu. Ipo siri ya benki, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bila kibali cha maandishi cha makao makuu, si cha meneja wa tawi aliyekubali kwa mdomo, usizitumie hata kama umeficha majina.

Ukitaka kwenda uwandani

Wengine mada yao iko kwa watu: SACCOS, VICOBA, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ni mada nzuri, lakini zina mlolongo wa barua. Chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa unaandika kwa mkurugenzi wa jiji au wilaya, naye anakupeleka kwa afisa ushirika, afisa maendeleo ya jamii au mtendaji wa kata. Kila hatua inaweza kula wiki, kwa hiyo barua ianze safari siku ile pendekezo la utafiti linapopitishwa. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS ni daraja la tatu na vikundi vya kijamii daraja la nne. Ukiandika "taasisi ndogo za fedha" kama fungu moja, mtahini atakurudisha hapo.

Sampuli: kwa orodha ya wanachama 1,200 na kosa la asilimia 5, fomula ya Yamane (idadi ya watu ugawe kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara 0.05 mara 0.05) inakupa 300 kamili. Chapa dodoso 330, maana mengine hayatarudi. Lakini kwanza lijaribu kwa watu 15 au 20 ambao hawatakuwemo kwenye sampuli.

Na hapo kwenye dodoso ndipo Kiswahili chako kitapimwa. Chuo kitakutaka uliandike kwa Kiingereza, wafanyabiashara wa soko la Mgandini hawatalijibu kwa Kiingereza. Tafsiri, kisha mpe mtu mwingine asiyeliona la kwanza alirudishe Kiingereza, mlinganishe. Neno "riba" peke yake linaweza kuharibu utafiti mzima katika mji huu. Muislamu aliyechukua bidhaa kwa murabaha, ambapo benki inanunua mali na kumuuzia kwa bei iliyoongezwa, ukimuuliza "unalipa riba asilimia ngapi" atajibu sifuri, tena kwa haki, na pengine atakasirika. Ndani ya VICOBA vingi wanasema "faida" au "ongezeko". Acha neno hilo. Uliza mambo matatu: ulipokea kiasi gani, au bidhaa ya thamani gani, unarejesha shilingi ngapi kila mara, kwa muda gani. Gharama utaikokotoa mwenyewe kwa ile RATE.

Vivyo hivyo "akiba". Mwanakikundi anayenunua hisa moja hadi tano kila kikao anaweza kukwambia hana akiba, kwa sababu kwake zile ni hisa. Na usiende mwezi ule wanaokaribia kuvunja kikundi na kugawana: mikopo yote imeshaitwa, kila dodoso litaonyesha hakuna anayedaiwa.

Wavuvi wa mwalo wa Deep Sea hapa mjini nao wana kalenda yao. Ukiuliza mapato ya "wiki iliyopita", jibu linategemea mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali kipato kinashuka. Uliza kwa mwezi mzima wa mwandamo, giza na mbalamwezi, kila kimoja na fungu lake. Muheza hivyo hivyo, tofautisha msimu wa machungwa na nje ya msimu. Rejesho linalochelewa nje ya msimu si lazima liwe dalili ya mkopo mbovu, mara nyingi ni ratiba ya marejesho iliyopangwa na mtu asiyejua shamba.

Kikao cha kwanza na msimamizi

Usiende na mada tatu zilizoandikwa vizuri. Nenda na faili. Benki moja, robo nane, mizania na mapato, viashiria umevikokotoa mwenyewe na kuvilinganisha na vilivyochapishwa, na orodha ya mahali ambapo namba hazikulingana. Au dodoso la majaribio la watu 15 likiwa limeshajazwa. Kazi hiyo inafanyika jioni nne au tano, hata kabla ya kusajiliwa. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi atakumbuka wako, na mazungumzo yataanzia kwenye namba badala ya kichwa cha habari.

Baada ya hapo, kila unapomtumia sura usiandike "naomba uniangalizie". Andika maswali mawili yenye ukurasa: "Ukurasa wa 34, nimetumia mikopo chechefu ya robo badala ya wastani wa mwaka, inafaa?" Swali la namna hiyo hujibika kwa simu, akiwa njiani. Jina la faili liwe na tarehe, mwaka ukitangulia, na nakala iwe sehemu mbili, moja nje ya kompyuta yako.